Mkoko wa mjomba Hispania

Nimekuwa kimya kidogo, lakini leo nina kisa cha mkoko ambacho kimekaa rohoni muda mrefu.

Mjomba wangu aliondoka Tanga akiwa kijana, akaendesha mabasi Reading, Uingereza, mpaka akastaafu. Mwaka 2012, wakati bei za nyumba Hispania zimeanguka baada ya ule msukosuko wa 2008, yeye na mkewe walinunua kijumba cha likizo karibu na Torrevieja. Mwaka 2015 wakapakia gari lao kwenye meli pale Portsmouth, wakashukia Santander, wakakatiza nchi nzima mpaka baharini. Tangu hapo gari likawa la huko huko. Usukani kulia, pleti namba za Uingereza.

Mwezi Mei 2024 nilikuwa London kwa mafunzo mafupi, nikahangaikia viza ya pili (ya Uingereza haikuingizi Hispania, msije mkaaibika uwanja wa ndege), nikaenda kumsalimia.

Jioni ya kwanza mzee akaniteremsha gereji chini ya jengo. Gari limefunikwa turubai. Kiti cha nyuma kimetandikwa khanga ya marehemu mkewe, aliyefariki 2018. Betri ameshaichaji. Akanipa funguo: "Jumapili utaniendesha tukaone bahari, kisha utajipeleka mwenyewe uwanja wa ndege. Mimi goti hili halikanyagi klachi tena."

Mimi mwandishi wa habari, ugonjwa wangu ni maswali. Nikamwuliza, "Mjomba, karatasi zake zikoje?"

Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Gari la Uingereza likishatimiza miaka mitatu hufanyiwa ukaguzi kila mwaka, wanauita MOT. Bila MOT hulipii kodi ya barabara. Bila hivyo viwili, bima nayo inaweza kuwa karatasi tu. Na MOT haifanywi Hispania hata ukilia machozi. Lazima gari liwe Uingereza.

Kila mwaka mzee alikuwa analirudisha. Mara ya mwisho ilikuwa 2019. Machi 2020 korona ikafunga mipaka, kisha goti likagoma, MOT ikafa. Sasa angalieni mduara huo: ili gari liwe halali lazima lifike Uingereza, na ili lifike Uingereza kwa magurudumu yake lazima liwe halali barabara yote ya huku. Ukaguzi wa Hispania, ITV, haufufui MOT.

Hata zamani, Uingereza ikiwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, gari la mgeni lilipewa miezi sita katika kila miezi kumi na miwili. Wengi walijifanya hawajui. Tangu Januari 2021 mambo yamekaza zaidi. Gari la Uingereza linaloingia sasa ni bidhaa ya kigeni mbele ya forodha. Mwenye nyumba ya likizo akitaka kulisajili Hispania, ajiandae kwa ushuru wa asilimia 10, VAT yao ya asilimia 21, kubadilisha taa za mbele na rundo la makaratasi. Na yeye mwenyewe, akiwa na pasipoti ya Uingereza, anaruhusiwa siku 90 tu katika kila 180. Yaani kwa mkupuo mmoja gari lina siku nyingi kuliko mwenyewe!

Nikakaa na zile funguo usiku kucha. Kumkatalia mjomba si jambo dogo, wenyewe mnajua. Lakini nikisimamishwa na Guardia Civil nina nini mkononi? Leseni ya Bongo, viza ya siku chache, gari lisilo na bima. Na nikimgonga mtoto wa watu je?

Asubuhi nikamwamkia, nikamrudishia funguo kwa mikono miwili. "Mjomba, nisamehe. Siwezi."

Hakunigombeza. Afadhali angegombeza. Alikunywa chai yake yote, kisha akasema, "Si kwamba sijui. Nikilitoa hapa, kitabaki nini chake?"

Nikamwuliza kwa nini asingelipeleka Tanga, usukani wetu si uko kulia? Akacheka. Gari likizidi miaka kumi Bongo wanakupiga ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. "Halafu hata mimi nimebadilishwa namba," akasema. Alichukua uraia wa Uingereza zamani, na sheria yetu haikumwachia wa kwetu.

Jumapili tulikwenda baharini kwa miguu, polepole, tukipumzika kila benchi. Uwanja wa ndege nilikwenda kwa basi.

Oktoba mwaka ule ule alinipigia. Gari limerudi Reading mgongoni mwa lori, kama ng'ombe wa mnada. Nauli ilizidi thamani ya gari lenyewe. Likabadilishwa matairi na breki, likapita MOT. Khanga bado ipo kiti cha nyuma.

Msimcheke. Hata gari la Kenya likivuka Namanga linapewa kibali chenye tarehe, na tarehe haijali una msiba, goti au korona. Mwenye gari nje ya nchi aangalie tarehe zake leo, si kesho.

Nami bado najiuliza, ile Jumapili nilifanya sawa? Wadau, ningekuwa wewe ungeendesha?