Upande wa Pili wa Kaseti

Mzee mwenye nyumba ninayopanga hapa Burlington, jimbo la Vermont, ana kaseti zaidi ya mia nne kwenye chumba cha chini ya nyumba. Niliziona wiki ya pili baada ya kufika, niliposhuka kufua nguo. Zimepangwa kwa tarehe kwenye rafu za mbao, na kila moja imeandikwa kwa mkono: siku, mji, ukumbi. Karibu zote ni za bendi moja, Grateful Dead.

Nikamwambia ana albamu nyingi. Akacheka. "Hizi hazikuuzwa dukani," akasema. "Kila moja ni usiku mmoja."

Mimi nasoma uzamili wa lishe. Muziki si somo langu, na bendi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Ilianza California mwaka 1965 na ikadumu miaka 30, hadi mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, alipofariki Agosti 1995. Katika muda huo walipanda jukwaani zaidi ya mara 2,300, lakini wimbo wao mmoja tu ndio uliowahi kuingia kumi bora za Marekani, mwaka 1987, wakati wenyewe wameshaanza kuota mvi. Chakula chao kilitoka jukwaani. Wimbo uliokuwa na dakika tatu kwenye sahani waliweza kuupiga kwa dakika 20 na zaidi, wakiuvuta huku na huku, na mara nyingi hata wao hawakujua watatokea kwenye wimbo gani. Ndiyo maana mashabiki waliwafuata mji hadi mji. Aliyewasikia jana alikuwa bado hajawasikia leo.

Tena waliruhusu watu warekodi. Mwaka 1984 wakawatengea kabisa sehemu yao ukumbini, na mzee wangu alikuwa akisimama humo na vipaza sauti vyake vimefungwa juu ya mti mrefu. Sheria ilikuwa moja: badilishana upendavyo, usiuze.

Nilipanda ngazi na nguo zangu mbichi mikononi. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu ilikuwa Dar es Salaam.

Baba yangu alipiga besi kwenye bendi ya dansi kwa miaka 14. Haikuwa bendi ya jina kama Mlimani Park au Maquis. Ilipiga kwenye kumbi za pembeni Ijumaa hadi Jumapili, na katika miaka yote ambayo baba alikuwemo haikurekodi hata wimbo mmoja. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Alipoamua kufunga biashara, alivipakia kwenye gari asubuhi moja, na baba akarudi nyumbani bila hata waya mmoja wa gitaa. Akaenda kuuza vipuri vya magari. Sijawahi kumwona akiwa ameshika besi.

Kilichobaki kilikuwa kaseti moja. Kabla sijazaliwa, mama alikwenda ukumbini na redio kaseti, akaiweka juu ya meza kati ya soda na bia, akarekodi upande mmoja, dakika 30.

Mwaka 2007, nikiwa na miaka tisa, nilirekodi juu yake. Redioni walikuwa wanapiga nyimbo mpya za Bongo Fleva, na mimi nilizitaka ziwe zangu. Nikachukua kaseti ambayo haikuwa na karatasi wala jina, nikabonyeza kitufe chekundu. Niliitwa kwenda kununua mafuta ya taa, ndipo nikazima. Siku chache baadaye nilimsikia mama akimuuliza baba ile kaseti iko wapi, nikaelewa nilichofanya. Nikairudisha kwenye boksi lake na sikusema neno. Miaka inaenda, nikaendelea kutosema.

Mwezi wa tatu tangu nifike, mzee alinipeleka kwenye ukumbi mdogo mjini kusikiliza vijana wanaopiga nyimbo za Grateful Dead. Mji huu una historia ya mambo hayo. Bendi ya Phish ilizaliwa hapa mwaka 1983 miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vermont, na mwaka 2017 ilipiga mausiku 13 Madison Square Garden, New York, bila kurudia wimbo hata mmoja.

Nusu saa ya kwanza nilichoka. Watu walikuwa wanacheza kila mtu peke yake, macho yamefumbwa. Kisha waimbaji wakanyamaza, na magitaa mawili yakaanza kuulizana na kujibizana. Mpiga solo akapotea. Ilionekana hata usoni. Mpiga besi akamtazama, akarudia sauti tatu zilezile, taratibu, mpaka mwenzake akaona njia. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Nami nikajikuta nimesimama.

Kwetu sehemu ile inaitwa chemko. Wimbo wa dansi una maneno yake mwanzoni, polepole, watu wanasikiliza kisa. Kisha magitaa yanashika kasi, na kuanzia hapo wimbo ni wa wachezaji. Redioni chemko hukatwa. Ukumbini lilikwenda hadi watu wakinai.

Nilipofika nyumbani nikamtumia baba kwa WhatsApp kipande cha onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell, Mei 8, 1977, ambalo mzee wangu analitaja kama watu wanavyotaja harusi yao. Maktaba ya Bunge la Marekani imeliweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa. Ndani yake kuna nyimbo mbili zinazoungana bila kusimama kwa zaidi ya dakika 20. Kesho yake nikapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeisikiliza yote. Huyu wa besi anatembea sana. Nyumbani anabaki nani?"

Nikamweleza kwamba Phil Lesh alianza na fidla na tarumbeta, akasomea utunzi, na alipoingia kwenye bendi hakuwa amewahi kupiga besi.

"Ndiyo maana," baba akasema. "Hakufundishwa woga. Sisi besi ukitoka kidogo, kiongozi anakutazama." Akanyamaza. "Lakini wanasikilizana. Hilo huwezi kuliigiza. Sisi tulikuwa tunaangalia miguu ya watu. Miguu ikichoka, tunamaliza."

Nikamwambia habari za kaseti mia nne. Nilitaka aone wivu kidogo, au akasirike, anirahisishie. Akasema tu, "Wamefanya vizuri. Ila waliokuwepo ndio waliosikia."

Hapo nikasema. Nilisema haraka, bila kupanga, na nilipomaliza nikasikia honi za daladala nje ya dirisha lake.

"Nilijua zamani," baba akasema. "Nilijua wiki ileile. Nani mwingine nyumbani alikuwa anataka Bongo Fleva?"

"Mbona hukunisema?"

"Ulikuwa unalia usiku. Mama yako akasema umeshaadhibiwa. Halafu mwishoni umeniachia kidogo."

Sikumwelewa. Akaniambia nisubiri. Nikasikia droo ikifunguliwa, kisha kitufe kikibonyezwa, kisha mtangazaji wa mwaka 2007 akikatwa katikati ya neno. Baada yake zikaja kelele za ukumbi, chupa zikigongana, mwanamke akicheka karibu sana na redio, na magitaa yakiwa katikati ya chemko. Ilidumu kama dakika moja, kisha kaseti ikagota.

"Umesikia?"

Besi haikusikika. Simu haichukui sauti nzito. Nilimwambia ukweli. Baba akarudisha nyuma, akaiwasha tena, na safari hii akaiimba besi yake kwa mdomo juu ya kelele zile, dum, du-dum, pumzi ikimkatikakatika, hadi mwisho. Kwa vile ilikuwa simu ya moja kwa moja, sikurekodi.

Nilipomsimulia mzee wa chini, hakuuliza bendi iliitwaje. Aliuliza kama kaseti bado ina vile vipande viwili vidogo vya plastiki pale juu. Vikivunjwa, kitufe chekundu hakishuki tena. Vya kwake vyote vimevunjwa. Alinionyesha rafu nzima.

Jioni ile nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia avivunje vyote viwili kwa kisu kabla hajalala. Akacheka, akauliza nani siku hizi anarekodi juu ya kaseti. Nikamwambia avunje tu.