Mafiga Matatu ya Muziki wa Tango

Ukitaja neno tango jikoni kwetu, kila mama atafikiria kachumbari. Lakini kule Argentina, nchi iliyo kusini kabisa mwa bara la Amerika, tango ni muziki, na wenyeji wanauthamini kama watu wa pwani yetu wanavyoithamini taarabu. Mwezi huu, mpendwa msomaji, nakualika tutembee pamoja katika mji mkuu wa nchi hiyo, Buenos Aires. Tutaona muziki huo ulivyozaliwa, ulivyokaribia kufa, na jinsi watu wachache, wakiwemo wapigaji watatu tu waliokuwa mbali na kwao, walivyousaidia kuinuka tena.

Sikualiki kwenye dansi. Nakualika kwa sababu ndani ya habari hii mna jambo linalotuhusu sisi tunaolea watoto.

Nyumba zenye ua mmoja

Buenos Aires imejengwa kando ya mto Río de la Plata. Maji yake yana rangi ya udongo, na mto wenyewe ni mpana kiasi kwamba ukisimama ukingoni huoni ng'ambo. Ukifika mtaa wa San Telmo siku ya Jumapili, utakuta gulio kwenye uwanja wa Plaza Dorrego. Huuzwa vyombo vya zamani, taa, vitabu na sahani za santuri. Ukiinua macho utaona kwamba nyumba nyingi za mtaa huo ni majumba makubwa yenye nyua ndefu kwa ndani. Zilijengwa na matajiri. Je, matajiri hao walikwenda wapi?

Sisi wauguzi jibu lake tunalielewa upesi. Mwaka 1871 homa ya manjano iliingia katika mji huo na kuua watu wapatao 14,000 kwa muda wa miezi michache. Wakati ule madaktari walikuwa bado hawajajua kwamba ugonjwa huo huenezwa na mbu, na chanjo tunayoichoma leo ilikuwa haijapatikana. Makaburi yalijaa, mji ukalazimika kufungua makaburi mapya mahali paitwapo Chacarita. Wenye uwezo wakahamia upande wa kaskazini, wakaacha majumba yao.

Majumba hayo yakagawanywa vyumba na kupangishwa wahamiaji waliokuwa wakishuka kutoka Italia, Hispania na kwingineko. Familia moja, chumba kimoja. Bomba moja, choo kimoja na ua mmoja kwa wote. Mama yeyote aliyewahi kupanga chumba uswahilini anazijua raha na karaha za maisha ya namna hiyo. Mwaka 1914 karibu nusu ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa watu waliozaliwa nchi nyingine, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Wengi walikuwa wamewaacha mama na wachumba ng'ambo ya bahari, na hawakujua kama wataonana tena. Katika upweke huo ndipo tango ilipopata sauti yake.

Filimbi, fidla na gitaa

Wahamiaji hawakuwa peke yao. Kabla yao walikuwapo Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1778, karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa watu wenye asili ya Kiafrika. Ngoma yao iitwayo candombe ni mojawapo ya mizizi ya tango, na wataalamu wengi wanaamini kwamba hata neno lenyewe limetokana na lugha za Kiafrika. Rosendo Mendizábal, aliyetunga tango iitwayo El entrerriano mwaka 1897, alikuwa wa uzao huo. Ndivyo alivyokuwa pia Horacio Salgán, mpiga piano mashuhuri aliyefariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 100.

Vikundi vya kwanza vya tango mara nyingi vilikuwa vya watu watatu: mmoja wa filimbi, mmoja wa fidla na mmoja wa gitaa. Ni vyombo ambavyo maskini angeweza kuvipata na kuvibeba kwapani. Wazee wetu wanasema jifya moja haliinjiki chungu. Kwa mafiga hayo matatu, chungu cha tango kikainjikwa.

Tusifiche, muziki huo haukuanzia mahali pa heshima. Ulipigwa kwenye vilabu vya pombe na madanguro, na familia zenye heshima hazikutaka kuusikia. Ulipopendwa na watu wakubwa wa Paris, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndipo nao nyumbani wakaanza kuufungulia milango. Mara ngapi nasi tumedharau kitu chetu mpaka mgeni akisifu?

Chombo kilichotoka kanisani

Baada ya muda filimbi iliondoka, na mahali pake pakachukuliwa na bandoneoni. Chombo hiki kinafanana na kodiani, ila ni cha umbo la mraba. Mpigaji hukaa na kukiweka magotini, akakivuta na kukibana. Kina vitufe 71, na vingi vyake hutoa sauti moja kikivutwa na sauti nyingine kikibanwa. Ni kama kujifunza vyombo viwili kwa wakati mmoja.

Bandoneoni haikutengenezwa kwa ajili ya vilabu. Imepewa jina la Heinrich Band, mfanyabiashara wa vyombo vya muziki wa mji wa Krefeld, Ujerumani, katikati ya karne ya 19. Huko ilitumika pia kuongoza nyimbo za ibada mahali ambapo waumini hawakuwa na uwezo wa kununua kinanda kikubwa. Ikavuka bahari pamoja na wahamiaji, ikaangukia kwenye madanguro. Bandoneoni zilizopendwa kuliko zote zilitoka katika kiwanda cha Alfred Arnold, kwenye kijiji cha Carlsfeld. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiwanda hicho kilitaifishwa katika Ujerumani Mashariki, na utengenezaji wa bandoneoni ukakoma. Tangu hapo wapigaji wa Argentina wametegemea sana vyombo vya zamani, kila kimoja kikirithiwa au kuuzwa kutoka mkono hadi mkono.

Ua jekundu juu ya piano

Katika miaka ya 1940 tango ilikuwa imetawala mji. Okestra za watu kumi au kumi na wawili zilijaza kumbi. Mmoja wa viongozi wakuu alikuwa Osvaldo Pugliese, mpiga piano aliyezaliwa mwaka 1905. Okestra yake ilikuwa ya ushirika, na mapato yaligawanywa kati ya wanamuziki wote. Kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti alifungwa gerezani mara kadhaa. Okestra haikuvunjika. Wenzake waliweka ua jekundu juu ya piano yake, wakapiga muziki bila yeye. Tarehe 26 Desemba 1985, akiwa na miaka 80, Pugliese alipanda jukwaa la Teatro Colón, ukumbi mkubwa wa opera wa mji huo, na muziki wa wapangaji maskini ukasikika pale.

Ukienda kwenye makaburi ya Chacarita leo, utalikuta kaburi la Pugliese. Huko huko amezikwa mwimbaji Carlos Gardel, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Medellín, Kolombia, mwaka 1935. Sanamu yake imesimama inatabasamu, na wapenzi wake wana desturi ya kuweka sigara inayowaka kati ya vidole vyake. Kama muuguzi nisingemshauri, lakini kwake sigara haidhuru tena!

Watatu katika nchi ya ugeni

Kisha mambo yakageuka. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1950 fedha zilipungua, vijana wakapenda roki, na okestra kubwa zikavunjika moja baada ya nyingine. Tango ikaonekana ni muziki wa akina babu.

Mwaka 1976 jeshi likatwaa nchi na kutawala hadi 1983. Watu walikamatwa usiku na hawakuonekana tena. Mashirika ya haki za binadamu yanasema walikuwa 30,000. Ukifika kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, tazama chini. Utaona vitambaa vya kichwani vyeupe vimechorwa kwenye sakafu. Ni alama ya akina mama ambao tarehe 30 Aprili 1977 walianza kukusanyika pale kuuliza watoto wao wako wapi. Siku ile walikuwa 14. Vitambaa vya kwanza walivyojifunga kichwani vilikuwa nepi za watoto wao. Sidhani kama kuna mama anayeweza kusimama mahali pale akaondoka bila kuguswa.

Katika miaka hiyo wasanii wengi waliikimbia nchi. Juan José Mosalini, mpiga bandoneoni aliyewahi kuwa katika okestra ya Pugliese, alifika Paris mwaka 1977. Mpiga piano Gustavo Beytelmann alikuwa ameshatangulia. Wakaungana na Mfaransa, Patrice Caratini, mpigaji wa besi kubwa ya kusimama, wakawa watatu.

Watatu hao hawakuwa na mwimbaji wala mchezaji. Kazi iliyofanywa na watu kumi na wawili ilibidi ifanywe na mikono sita. Bandoneoni ilishika wimbo, piano ikashika mwendo na kuujibu wimbo, besi ikawa msingi. Walichukua tango za zamani, mojawapo ikiwa La bordona, wakazipanga upya kwa namna yao bila kuziondolea asili. Mosalini alifundisha pia bandoneoni huko Gennevilliers, karibu na Paris, na wanafunzi wakatoka nchi mbalimbali. Alifariki mwaka 2022. Ndivyo ilivyotokea kwamba wakati mti ulipokauka nyumbani, chipukizi lilikuwa likimwagiliwa ugenini.

Mzee wa miaka 82

Aliyetunga La bordona ni Emilio Balcarce, mpiga fidla aliyezaliwa mwaka 1918, ambaye alikaa na Pugliese karibu miaka 20. Turudi sasa Buenos Aires tukutane naye.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Argentina walianza kuitamani tango tena. Walikuwa wamesoma muziki na waliweza kusoma karatasi za nota vizuri. Lakini walipopiga, haikuwa tango. Karatasi ilionyesha sauti ipi ipigwe, lakini haikuonyesha jinsi wazee walivyoivuta, walivyoichelewesha au walivyoikata. Haikueleza namna fidla inavyokwaruzwa mpaka itoe sauti ambayo wao huiita nyenje. Mambo hayo yalikuwa mikononi mwa wazee, na wazee walikuwa wakifa.

Mwaka 2000 mpiga besi mmoja kijana, Ignacio Varchausky, alianzisha okestra ambayo pia ni shule, Orquesta Escuela de Tango. Alimwendea Balcarce, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akamwomba awe mwalimu. Mzee alikuwa na umri wa miaka 82. Alikubali. Wazee wengine nao wakaitwa, wakaketi bega kwa bega na vijana, kiti kwa kiti, wakipiga na kusahihisha. Habari hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 2005. Balcarce aliongoza hadi 2007, kisha wakafuata Néstor Marconi na Víctor Lavallén.

Mwaka 2009 UNESCO, katika kikao chake cha Abu Dhabi, iliitangaza tango kuwa urithi wa binadamu wote kwa niaba ya Argentina na Uruguay. Mwaka huo huo Bunge la Argentina lilipitisha sheria ya kulinda bandoneoni, maana wageni walikuwa wakizinunua na kuzisafirisha nje. Chuo Kikuu cha Taifa cha Lanús nacho kikabuni bandoneoni ya wanafunzi, ili kijana asiye na fedha apate pa kuanzia. Leo vikundi vya watu watatu vinapiga tena katika mikahawa na kumbi ndogo. Watatu wanaenea kwenye teksi moja, na ujira wao haumfilisi mwenye mkahawa.

Na bandoneoni imerudi kanisani. Katika miaka ya 1990 Martín Palmeri wa Buenos Aires alitunga misa kamili ya Kilatini kwa kwaya, piano, vyombo vya nyuzi na bandoneoni. Kwaya za nchi nyingi zimeiimba.

Mpendwa msomaji, Balcarce alifariki Januari 2011. Piga hesabu. Kama vijana wale wangesema watamwendea mzee baada ya miaka kumi na miwili, wangekuta kaburi. Sheria na tangazo la UNESCO ni mambo mema, lakini hayawezi kumfundisha mtoto namna ya kuvuta fidla.

Sasa piga hesabu ya nyumbani kwako. Bibi ana miaka mingapi? Ni nani kati ya watoto anayejua nyimbo zake za kubembelezea, au namna anavyosuka mkeka, au tenzi alizoimba shangazi yake kwa kilugha? Likizo ijayo usimpeleke mtoto kijijini kusalimia tu. Mkalishe karibu na bibi, ampe na kazi ya kufanya kwa mikono yake, na mama mtu usimharakishe kurudi.