DADA WA MPANDA, KAMERA YA BABU NA MISTARI MYEKUNDU USONI KWA BIBI

Ukimwambia mtu wa mjini siku hizi kwamba kamera inaweza kuharibu picha 20 kwa sababu ya kasponji kembamba kuliko njiti ya kiberiti, atakuona unaleta stori za kijiweni. Lakini ndo kilichomkuta dada mmoja wa Mpanda, na kilimgharimu kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Dada mwenyewe ana miaka 24, anapiga picha za sendofu na mahafali pale Kashaulili na Makanyagio. Kamera ni Yashica FX-3 ya marehemu babu yake. Mzee enzi zake alipiga picha za pasipoti na za harusi, kisha anapanda treni hadi Tabora kupeleka filamu zikasafishwe. Mwaka 2012, mwaka uleule Katavi ilipokuwa mkoa na Mpanda kuwa makao makuu, kampuni ya Kodak kule Marekani ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mtaani nako watu walishaanza kupigana kwa simu. Mzee akaifungia kamera kabatini, na haikutoka tena mpaka alipofariki.

Dada alipoitoa, akabonyeza, ikalia "tcha!" kama mpya. FX-3 inafyatua hata bila betri, betri ni ya kipima mwanga tu. Akaagiza filamu moja ya rangi, ya picha 36, kutoka Dar. Bei ilimuuma, kwa hiyo akabana: kila siku picha moja tu, ya bibi yake akiwa chini ya mwembe anapukuchua mahindi. Siku 20, picha 20. Katikati ya hapo kamera ilikaa dirishani, juani. Zilizobaki 16 akazimaliza kwa nusu saa kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, filamu ikapanda basi kwenda Dar.

Bibi akafariki kabla majibu hayajarudi.

Picha zikaingia WhatsApp wiki ya msiba. Za ubatizo safi, isipokuwa ile ya kwanza. Za bibi zote 20 zimekatizwa na mistari myekundu na ya chungwa, mingine puani, mingine machoni. Mjomba wake akamwambia mbele za watu, "Mwanangu, si nilisema hilo ni bati tu? Tungewauzia watu wa vyuma chakavu tukapata ya sukari." Dada hakujibu, akaingia ndani.

Binamu mmoja akajitolea kufuta mistari kwa programu ya simu. Mistari ikatoka kweli, ila na kovu la shavuni nalo likaondoka, meno yakajaa, ngozi ikawa laini. Akatokea bibi mzuri sana, ila si bibi yao. Mama mdogo aliangalia mara moja akairudisha simu.

Baada ya tanga, dada akapeleka kamera kwa fundi simu wa sokoni. Fundi akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kidole kwenye kimfereji cha pembeni. Kidole kikatoka cheusi, kinanata kama lami.

Kumbe mlango wa nyuma wa kamera nyingi za miaka ya 70 na 80, ziwe Yashica, Canon au Pentax, umezibwa na sponji nyeusi ili mwanga usipenye. Joto na unyevu wa hewa vinaila taratibu: inageuka gundi, halafu inakuwa unga. Mwanga ukipenya kwa nyuma unaanza kuigonga ile tabaka ya filamu inayopokea rangi nyekundu, ndiyo maana mistari inatoka myekundu. Na kipande kikikaa muda mrefu mbele ya tundu, ndivyo kinavyozidi kuungua. Zile za ubatizo zilipita chapchap, zikapona. Za bibi zililala pale siku moja moja. Yaani kule kubana filamu ndiko kulikoziunguza.

Ukarabati wenyewe ulichukua jioni moja. Spiriti ya duka la dawa, pamba na vijiti vya meno. Waliinamisha kamera mdomo chini ili uchafu udondoke nje, na hawakugusa kabisa vile vibati vyembamba vya katikati vinavyofunguka picha ikipigwa. Kwenye mifereji ya juu na ya chini wakashindilia uzi mweusi wa kufumia masweta. Upande wa bawaba wakabandika kipande cha mahameli nyeusi, na pale kioo kinapogonga kikiruka juu wakaweka sponji mpya nyembamba, gundi kidogo tu. Gharama yote haikuzidi chipsi mayai mbili.

Kujaribu, dada alitia filamu nyingine, akafunika lenzi, akaianika kamera kwenye jua la Mpanda kila upande dakika kumi, akapoteza picha nne makusudi. Zilirudi nyeusi tii.

Kwenye arobaini aliweka mezani picha ya bibi aliyoichapisha mwenyewe, mstari mwekundu begani na kovu likiwa mahali pake. Mjomba aliitazama muda mrefu. Watu walipoanza kutawanyika, akamfuata jikoni: "Mama, na mimi nipige, kabla sijaondoka."

Safari hii dada hakubana. Alipiga tano mfululizo, akairudisha kamera kwenye mfuko wake.

Wadau, kama kwenu kuna kamera ya mzee kabatini, msikimbilie kununua filamu. Fungua mlango wa nyuma, gusa sponji kwa kidole. Ikinata, anza na uzi kwanza. Na kama bibi yupo, piga leo.