Sungura Hasemi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mbuzi akiugua utamsikia akilia, lakini sungura hunyamaza tu.

Mimi nafuga sungura sita nyuma ya jikoni kwetu, na hao ndio wanaoninunulia madaftari. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla sijashika njia ya shule, huwakagua. Aliyekataa chakula tangu jana si wa kungojwa hadi kesho, kwani tumbo lake likisimama anaweza kufa upesi. Majani yenye umande huyaanika kwanza. Akitikisa kichwa na kujikunakuna, natazama masikio: magamba ya kahawia ndani ni kazi ya utitiri. Meno nayo hukua maisha yake yote, ndiposa humpa nyasi kavu kwa wingi atafune.

Na tabia je? Akigonga sakafu kwa miguu ya nyuma usiku, ameshtuka, pengine paka yupo. Majirani husema ati jike anayejing'oa manyoya ni mgonjwa. Si lazima! Mara nyingi anawatandikia watoto, maana mimba yake ni siku 31 hivi.

Wenzangu mnaofuga, msimwinue kwa masikio. Mshikeni kifuani na matakoni. Na mumtazame kila siku, kwani yeye hatawaambia lolote.