Mtori wa Mama Rombo

Jina la Mama Rombo liliitangulia hoteli yenyewe. Mama na baba walivuka kutoka Rombo, Tanzania, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilikuwa bado hai, baba akifuata kazi ya mkonge katika mashamba ya Taveta, upande wa Kenya. Siku hizo kuvuka hakukuwa habari. Watu walikwenda sokoni asubuhi wakarudi jioni. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kilimanjaro tulikuwa tunauona kila kulipokucha, na bibi yetu alikuwa kwenye miteremko yake, lakini kumfikia ilibidi upite vichochoro vya magendo. Sabuni na mafuta ya kupikia yalikwenda usiku upande wa kwao, na habari za misiba zikaja kwetu kwa njia hiyohiyo. Nikiulizwa hoteli ilianzaje, husema ilianzishwa na mpaka ule. Wazazi wangu walikuwa na nia ya kurudi kwao. Walipofungiwa, wakaanza kujenga.

Walijenga Salaita, wala si mjini Taveta, kwa kuwa mjini kulikuwa na kodi. Tena Salaita malori yalikuwa yakikwama. Barabara ya kutoka Voi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na dereva aliyevunjikiwa springi huko alikuwa na usiku mzima wa kuona njaa. Mama alianza na mafiga matatu, birika la chai na mandazi. Kisha akapika kile alichokijua vizuri kuliko vyote: mtori. Nyama ya mifupa inachemshwa mpaka inaachia, ndizi mbichi zinaingia na kitunguu, halafu unaponda kwa mwiko hadi iwe laini.

Shida ni kwamba Wachaga humpa mtori mama aliyejifungua, na madereva wa Mombasa walilijua hilo. "Mama, mie sijazaa," mmoja alimwambia, akaomba wali. Mama akamwekea bakuli tu, bila bei. Dereva huyo aliporudi wiki iliyofuata alikuja na utingo wake, wakaagiza mabakuli mawili.

Kilichotusumbua zaidi ni maji. Nyika ile ni kavu, na tembo wa Tsavo nao wana kiu. Baba aliacha mkonge akanunua punda, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa madumu. Wageni walimdhania mfanyakazi wa mama, naye hakuwasahihisha. Sisi watoto tuliosha sahani kabla ya shule na baada ya shule. Dada mkubwa alishika daftari la deni, na hapo ndipo nionapo nguzo ya biashara yetu. Utingo asiye na pesa alikula, akaandikwa jina na namba ya gari, akalipa akirudi. Wengi walilipa. Hakuna aliyekuwa akilipwa mshahara nyumbani. Tulilipwa karo na viatu. Kaka yangu hulitaja hilo mpaka leo, na si kwa kujisifu.

Kilima kilicho nyuma yetu tulikiona mahali pa kuchungia mbuzi tu. Kumbe kina historia: katika Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 wakachimba mahandaki hapo Salaita, na tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii, walikishambulia wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Reli ya Voi hadi Taveta ililazwa kwa ajili ya vita hivyo. Miaka mia moja ilipotimia walianza kuja wazee wa Kizungu na ramani zao. Walikula kidogo, ila waliuliza choo kabla ya kuuliza chakula, na ndiyo sababu tulijenga cha kigae.

Halafu lami ikaja, miaka ya 2010, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kule mpakani Holili na Taveta wakaanza kukagua mizigo kwa pamoja. Tulishangilia kama kila mtu. Mwaka wa kwanza wa lami ulikuwa mbaya kuliko wa vumbi. Malori ya vitunguu na mahindi yalipita kwa kasi, dereva akipunga mkono tu, kwani chakula cha mchana sasa angekila Voi. Dada alisema kama wanakula Voi, basi tuwafuate Voi. Akapanga chumba huko, karibu na kituo cha mafuta, akaenda na sufuria mbili na daftari. Siku hizi madereva humpigia simu wakiwa Taveta, wanatuma pesa kwa M-Pesa, wanakuta chakula kimefungwa. Mei 2020 mpaka ulipofungwa tena kwa abiria kwa sababu ya korona, malori ya mizigo yakiruhusiwa, ni mtindo huo wa Voi uliolisha nyumba zote mbili.

Salaita sasa ni ya kaka. Ameweka chipsi na kuku, na biashara yake inakwenda. Mtori anaupika Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Taveta, na mama, ambaye hasimami tena jikoni, huletewa kijiko aonje kabla ya bakuli la kwanza kutoka. Mara nyingi husema chumvi haitoshi.