Muge Hakutuma Mtu

Wenzangu wa harakati wakisikia kwamba mimi huamka saa kumi na moja alfajiri kuomba, wanacheka. Ati mwanaharakati gani wa kupiga magoti? Nako kanisani, nikitaja giza la soko letu, naambiwa siasa niiache mlangoni. Kila upande unataka nusu yangu.

Lakini Busia hii iliwahi kutembelewa na mtu mzima, asiyejigawa. Mwezi wa Agosti 1990, waziri Peter Okondo alionya hadharani kwamba maaskofu wawili wa Kianglikana, Alexander Muge wa Eldoret na Henry Okullu wa Maseno Kusini, wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke hai. Wote walikuwa wakiikosoa serikali ya Moi bila kumung'unya maneno. Tarehe 14, Muge akaja. Alikutana na watu, kisha akaanza safari ya kurudi Eldoret. Hakufika. Gari lake liligongana na lori huko Kipkaren. Ikasemwa ni ajali. Wengi hawakuamini mpaka leo. Okondo alijiuzulu.

Wazee hapa huitumia hadithi hiyo kututisha. Mimi nasikia kitu kingine ndani yake: Muge hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe.

Hilo ndilo maombi yananidai. Tunakusanya sahihi za ombi kwa kaunti, soko liwekewe taa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinaturuhusu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili ila kuandika sikuacha, kwa hivyo barua ni kazi yangu. Alfajiri nawataja mmoja mmoja wale nitakaowapelekea kalamu: mama wa omena, kijana wa boda, yule shosho wa mitumba. Ukishamtaja mtu mbele za Mungu, ni ngumu kumhesabu tu kama sahihi.

Juzi mama wa omena aliniuliza, "Na wakininyang'anya kibanda, mwanangu?" Kwenye semina za uhamasishaji kuna majibu matamu ya swali hilo. Sikuyatoa. Nilimwambia kweli: sina la kumhakikishia, ila jina langu liko juu kabisa, na barua nitaipeleka kwa mkono wangu. Akasema atafikiria.

Bado anafikiria. Simsukumi. Jumatatu naenda.