Kupiga picha katika maji ya Tanganyika

Asimamaye ufukoni huko Kalemie huona maji tu. Lakini ndani ya ziwa Tanganyika mna makao mengi: samaki wengine wadogo hukaa katika maganda matupu ya konokono, mama wengine hutunza mayai yao kinywani.

Kamera ndogo kama GoPro HERO5 Black, iliyotoka mwaka 2016, yaweza kuzama mita 10 bila kasha. Kwanza, futa vema mpira wa mlango wake: chembe moja ya mchanga yatosha kuingiza maji na kuiharibu. Pili, waulize wavuvi mamba hupita wapi, wala usiingie majini peke yako. Tatu, ngoja jua liwe juu, ubaki karibu na uso wa maji, maana maji humeza rangi nyekundu upesi.

Anayeanza humfukuza samaki, akapata picha ya mkia tu. Wewe tulia mbele ya nyumba yake, umbali wa mkono mmoja, bila kutibua mchanga. Akiisha kuona kwamba humdhuru, atatoka mwenyewe. Ndipo upige picha. Jioni watoto wako watawatazama majirani wasiopata kuwaona kamwe.